Aliyemkata Maneno Harith

Ukitaka kujua thamani ya mtangazaji wa mpira mjini Malindi, usiwaulize wenye runinga. Nenda kwa Awadh kinyozi siku ya Jumatatu, ukae kwenye benchi. Hapo utamkuta mtu amenyolewa nusu kichwa, sabuni imemkauka shavuni, naye kamshika Awadh mkono wenye wembe asiendelee mpaka hoja yake isikike. Kwa miaka tisa hoja ilikuwa moja tu: Harith na Mangi, nani anambeba mwenziwe?

Wote wawili walitangaza ligi ya mtaani katika runinga ndogo ya mjini, ile inayoonyesha mechi za Kakuyuni, Gede na Ganze, viwanja ambavyo mbuzi hufukuzwa kwanza ndipo filimbi ipigwe. Harith alikuwa mtu wa Mambrui, fundi cherehani, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama kanzu iliyotoka kupigwa pasi. Akilisimulia bao, hata aliyefungwa alitamani lirudiwe. Mangi Menza alikuwa Mgiriama wa Ganze, beki wa zamani aliyevunjika goti, mwenye sauti ya kukwaruza na mdomo usiotulia. Kazi ya Harith ilikuwa kusimulia na ya Mangi kuchambua, lakini Mangi hakungoja zamu. Alidakia. Harith akisema, "Mpira unapanda upande wa kulia, anaupokea..." mwenziwe amekwishaingia: "Kavumbi huyo, sheikh! Nyie wa Mambrui mkishiba halua hamuoni mbele!" Na Harith hujibu, "Kavumbi, naam, Kavumbi! Na wewe mnazi wa jana haujakutoka, Mangi." Watu wakacheka majumbani.

Wengine hawakucheka. "Huyu Mangi anamkata maneno mwenziwe," Awadh alikuwa akisema, akipangusa wembe kwa kitambaa. "Harith anasuka mkeka, yeye anakuja kuukanyaga. Mwacheni Harith peke yake muone utamu." Upande wa pili wa benchi ukamjibu kwamba Harith bila Mangi ni chai bila sukari. Wakabishana hivyo mwaka baada ya mwaka, na nywele za watu zikingoja.

Jambo ambalo benchi zima halikulijua ni kwamba Harith alikuwa haoni.

Si kipofu wa kushikwa mkono. Njia aliiona, sahani aliiona, uso wa mtu aliyekaa karibu aliuona. Lakini presha ya macho ilikuwa imeanza kumla kutoka pembeni, na cha mbali kilikuwa ukungu. Alikwenda hospitali alipokuwa amechelewa, akaambiwa kilichopotea hakirudi, atunze kilichobaki. Akaiacha cherehani kwa sababu uzi haukuingia tena tundu la sindano, na majirani akawaambia kwamba utangazaji umemjaa mikononi. Kutoka kibanda cha matangazo, kile cha mabati kilichosimamishwa juu ya nguzo, wachezaji walikuwa rangi mbili zinazokimbizana. Mpira aliutambua kwa makelele ya watu.

Mangi aliligundua hilo bila kuambiwa. Siku moja Harith alimsifu kipa kwa kuokoa mkwaju uliokuwa umepita juu ya mwamba kimo cha mnazi. Mangi akamtazama, akaweka mkono juu ya maikrofoni, akauliza polepole, "Harith, tangu lini?" Harith akageukia uwanjani. Mangi hakuuliza tena. Kuanzia mechi iliyofuata ndipo akaanza kudakia, na kila alipodakia palikuwa na jina ndani ya mzaha. Nani ana mpira, nani kaanguka, nani katoka. Harith alilipokea jina, akalivika maneno mazuri, sifa zikawa zake. Na Mangi akaitwa mropokaji. Hawakuwahi kulizungumza, hata wakiwa wawili tu wakila mihogo ya kukaanga kando ya uwanja.

Baadaye runinga ikafungua ukurasa wa Facebook, na benchi la Awadh likahamia huko pamoja na makelele yake. Watu ambao hawajawahi kushika hata kipaza sauti cha mnada wakawa mabingwa wa utangazaji. "Mangi anatuharibia ladha." "Harith peke yake anatosha." "Huyu wa Ganze arudi akachunge." Binti yake Harith, Sahla, alimsomea babake maneno hayo, naye akajifanya hayamgusi. Yalimgusa, tena kwa utamu. Nasikitika kuyasema haya juu ya mtu mwema, lakini Harith alianza kumwomba Sahla asome tena yale yanayosema anatosha peke yake. Binadamu akisifiwa sana husahau alisimama juu ya nini.

Meneja wa runinga, Peterson, alimwita ofisini kabla ya msimu mpya.

"Mzee Harith, watazamaji wanalalamika. Wanasema Mangi anakukata maneno, nyinyi hamuivi chungu kimoja. Mimi sitaki kumwonea mtu. Wewe ndiye unayekaa naye pale juu. Ukiniambia abaki, atabaki."

Neno moja tu lilitakiwa. Lakini neno hilo lilikuwa na mkia, kwa kuwa Peterson angeuliza kwa nini, na Harith angelazimika kumwambia. Na nani humwajiri mtangazaji asiyeona mpira? Harith alizungusha tasbihi mfukoni, akatazama pale ulipokuwa uso wa Peterson.

"Runinga ni ya watazamaji," akasema. "Wakiamua wao, mimi ni nani?"

Alitoka pale akijiambia kwamba hakumfukuza mtu. Ndiyo, hakumfukuza. Alifungua tu mlango akasimama pembeni.

Mangi aliachishwa kazi jioni ile ile, na siku ya pili akamfuata Harith nyumbani Mambrui. Hakuja na ugomvi. Alikaa barazani, akanyoosha lile goti bovu, akanywa chai mpaka ikaisha. Harith akangoja atukanwe, akaona afadhali atukanwe.

"Wananiletea nani mahali pangu?" Mangi akauliza.

"Msichana mmoja. Emily. Amesomea utangazaji."

"Basi mwambie, ndugu yangu. Usimwonee haya. Mwambie mapema kabla mechi haijaanza, awe anakutajia."

"Nitamwambia," Harith akasema.

Hakumwambia. Emily alikuwa mtoto mwenye adabu, alimwamkia shikamoo kila alipopanda kibandani, na adabu yake ndiyo iliyomponza Harith. Alifundishwa kwamba mtangazaji mkubwa hakatwi maneno. Alingoja mpaka apewe nafasi, akasema machache yaliyopimwa, akanyamaza. Ukurasani watu wakafurahi: kibanda kimetulia, sasa tunasikia mpira. Awadh alishinda hoja yake ya miaka yote, akawanyoa watu kwa fahari wiki nzima.

Harith aliishi msimu ule kwa ujanja. Alisema "mshambuliaji hatari" badala ya jina, "kijana wetu" badala ya namba, akasubiri umati utaje mwenyewe. Alijifunza kurefusha maneno ili apate muda wa kusikia. Akitoka uwanjani fulana ilikuwa imelowa jasho. Mara mbili alichukua simu ampigie Mangi, mara mbili akaiweka chini. Angeanzia wapi?

Fainali ilichezwa uwanja wa Gede, kati ya Ganze na timu ya Malindi mjini. Dakika ya themanini na nane, sare ya bila kwa bila, umati ukalipuka. Harith akasikia "vu" katika makelele, au alidhani amesikia. Akasimama, akaachia sauti yake yote:

"Kavumbi! Kavumbi! Mtoto wa Malindi amewaliza Ganze!"

Kavumbi alikuwa ametolewa zamani, ameketi kando na barafu kwenye kifundo cha mguu. Aliyefunga alikuwa Mwaro wa Ganze, na Malindi ndio waliofungwa. Emily alimvuta shati, lakini kwa adabu, na Harith akadhani anamshangilia. Akaendelea kumsifu Kavumbi dakika nzima, mbele ya pwani yote.

Jioni ile hakumwomba Sahla asome. Sahla alisoma mwenyewe, akalia. "Mzee amechoka, apumzike." "Amehongwa na Malindi." Na wengine, wale wale, Mungu awasamehe, wakaandika: "Mrudisheni Mangi." Awadh kinyozi aliandika kwamba siku zote alisema hawa wawili wasitenganishwe.

Harith alikaa ndani siku tatu. Siku ya nne akasema liwe liwalo, atakwenda Ganze mwenyewe akamwombe Mangi radhi, na kwa Peterson atasema kila kitu. Kila akijiandaa, haya ikamrudisha kitini. Zikawa siku kumi na moja. Siku hiyo simu ikalia. Alikuwa mke wa Mangi, Kabibi.

"Shemeji," Kabibi akasema, "mwenzio ametutoka alfajiri."

Harith hakujua hata kwamba alikuwa mgonjwa. Figo, Kabibi alimwambia, tangu mwezi wa mvua. Alikataza Harith asiambiwe, asije akachanganyikiwa kazini.

Hangani, pale msibani Ganze, watu walikuwa wengi, wamekaa chini ya maturubai, na ngoma ya kilio ikipigwa upande wa nyuma. Sahla alimshika babake kiwiko mpaka mbele, kisha akaenda kukaa na wanawake. Kabibi akaja akakaa mkekani karibu na Harith, akasema bila kumtazama.

"Pale dukani kwa Gladys pana runinga. Kila mechi yako alikwenda. Hakukaa kitini kama wengine, alisimama karibu na kioo akikutajia. 'Kavumbi huyo, Harith. Katoka huyo, kaingia mwengine.' Watu wakaona amerukwa na akili. Wakamcheka, shemeji. Mtu mzima anazungumza na runinga."

Harith akafumba macho.

"Siku ya fainali hakuweza kusimama. Nilimshikia simu kitandani aitazame mechi. Alisema 'Mwaro' mara tatu. Sauti ilikuwa imeisha, mimi mwenyewe nilimsikia kwa shida. Wewe ukasema Kavumbi. Akageukia ukutani, akalia."

"Alinikasirikia?"

"Alisema, 'Hakumwambia yule msichana.' Basi. Hakusema jengine mpaka usiku."

Harith alitaka kumwomba radhi pale pale, lakini kwa nani tena? Mwenye radhi alikuwa ndani ya sanduku, amefunikwa leso ya Kabibi. Akalia kama mtoto, kamasi zikamshuka, na hakujipangusa.

Mwongozaji wa shughuli akaita jina lake kwenye kipaza sauti. Watu walimtaka aseme neno, yeye aliyekaa na marehemu kibandani miaka tisa. Akasimama. Huko kwetu mtu hashiki kipaza sauti cha msibani akaanza tu. Sharti kwanza awatambue walioko mbele kwa majina, wazee, wachungaji, mashekhe na wageni wa mbali, kila mmoja kwa daraja yake. Ukimruka mtu umemvunjia heshima yake na ya maiti. Harith akainua uso. Mbele yake palikuwa na rangi za leso na ukungu.

"Mbele yangu," akaanza, "namwona..."

Watu wakangoja. Ngoma ikanyamaza. Akaurudia mwanzo ule ule.

Kabibi akainuka. Akasimama ubavuni pake, upande ule ule aliokuwa akikaa Mangi, akainamisha kichwa.

"Mzee Mwaro, babake mfungaji," akanong'ona. "Kushoto kwake mchungaji wa Ganze. Kisha Peterson. Nyuma yao Awadh kinyozi, amevaa kofia ya vito."

Harith akayapokea kama alivyozoea. Sauti ikarudi, ile ile nzuri. "Mzee Mwaro, uliyetuzalia mfungaji. Baba mchungaji. Meneja wetu Peterson. Bwana Awadh wa Malindi." Vichwa vikaitikia. Angeweza kuishia hapo, akamsifu marehemu, akakaa, na siri ikazikwa pamoja na Mangi.

"Majina haya nimeambiwa," akasema. "Mimi siwaoni. Sijamwona mchezaji hata mmoja miaka saba sasa. Kila jina mlilolisikia kwangu alinipa Mangi. Mlipoandika kwamba ananikata maneno, alikuwa ananipa macho. Niliulizwa kama abaki. Neno moja tu, nami sikulisema. Mangi hakufukuzwa na nyinyi. Nilimfukuza mimi."

Awadh alivua kofia yake, akaishika magotini. Harith aliushika ule waya wa kipaza sauti, akatafuta neno la kumalizia, na kama kawaida yake ya miaka yote alipokwama, akanyamaza kidogo ili akatwe maneno.

Akangoja. Hakuna aliyemkata.