Joviana na Maua ya Siku ya Msiba

Watu wakisikia mtu analima maua, wanadhani anakaa kivulini ananusa. Njooni Kamachumu wakati wa kyanda, kiangazi chetu cha mwezi wa sita mpaka wa nane, mmwone Joviana mke wa Avit. Alfajiri yuko bondeni kwenye chemchemi, ndoo kichwani. Jua likichomoza yuko shambani na mkasi. Mchana yuko kanisani juu ya ngazi, anafunga mashada, na simu inaita mfukoni: mama, tuna komunyo, mama, tuna jubilei ya masista, mama, tuna sendofu na ukumbi ni mkubwa. Kyanda ndio msimu wa sherehe, maana hakuna mvua ya kulowesha maturubai. Na kyanda hicho hicho ndicho kinachokausha maua yakiwa bado yamesimama. Mungu naye ana utani wake.

Lakini kazi haikumchosha Joviana. Kilichomchosha ni midomo ya watu. Mtu anaingia uani, hata hajakaribishwa kigoda: "Joviana waitu, ndugu yetu, nikatie maua kidogo tu, si yanaota yenyewe?" Yanaota yenyewe! Mtu huyo huyo hathubutu kwenda kwa jirani akasema, nikatie mkungu kidogo tu, si unaota wenyewe. Angefukuzwa na mbwa. Ndizi ni chakula, ndizi ni heshima ya nyumba. Maua hayaliwi. Maneno hayo mawili Joviana alikuwa ameyasikia mpaka akiyasikia tena alihisi kichefuchefu.

Aliyeyasema kwa sauti kubwa kuliko wote ni shemeji yake Kamugisha, kaka mkubwa wa mumewe, mrithi wa baba yao na mwenye neno la mwisho juu ya ardhi ya nyumba ile. Kipande cha Joviana kiko mwisho wa kibanja, shamba la migomba la nyumba, pale ambapo migomba yote ilikufa kwa mnyauko ikang'olewa. Siku zile hakuna aliyekitaka. Joviana akakipiga jembe mwenyewe, akasomba samadi mwenyewe, akapanda waridi, dalia, na kala nyeupe kule chini penye unyevunyevu. Sasa vanila imepata bei, na Kamugisha ghafla amekumbuka kwamba ana ardhi.

Desturi ya ukoo wao inaeleweka na kila mtu. Kipande ambacho mtoto wa nyumba anakilima hakiguswi. Kilicholala kinarudi kwa mrithi. Basi siku ya Pasaka, ndugu wote wakiwa wamekaa, Kamugisha akatangaza, "Pale pamelala. Hakuna mgomba, hakuna mbuni, hata harage hakuna. Kyanda kikiisha, naweka vanila."

Na Avit je? Avit anafanya kibarua kwenye mpunga Kimwani, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Alipoelezwa alikuna kichwa, akasema, "Kaka ndiye mkubwa, mama Koku. Tufanyeje?" Joviana alikuwa ameshika mwiko. Alimshukuru Mungu baadaye kwamba hakuutumia.

Sasa sikilizeni maajabu. Kamugisha huyo huyo wa maua hayaliwi akawa anamwoza binti yake, Vestina, harusi Jumamosi mjini Bukoba, na binti akasema hataki mwingine wa kumpambia ukumbi ila mama yake mdogo Joviana. Joviana akaona mlango umefunguka. Ukoo mzima utakaa kwenye ukumbi ule. Watayaona maua yake kwa macho yao, kuanzia mlangoni mpaka meza ya maharusi, na hakuna atakayethubutu kusema pale pamelala. Akatenga kala zote nyeupe kwa ajili ya harusi ile. Masista wa jubilei walipozitaka, aliwanyima, na kuwanyima masista si jambo dogo.

Alichokuwa hajakihesabu ni kamati. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Dativa, dada wa mama wa bibi harusi, anayeishi mjini na kuongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Wiki ya harusi yenyewe akapiga simu.

"Joviana mpenzi, rangi tumebadilisha. Nyeupe tumeachana nayo. Sasa ni bluu ya kifalme."

"Dada Dativa, kala za bluu ya kifalme hazipo."

"Tafuta bwana, wewe si ndiye mtaalamu?"

"Nitafute wapi? Haya ni maua, si vitenge!"

"Usipandishe sauti. Basi tutajazia na ya plastiki, kuna duka hapa yapo ya kila rangi."

Plastiki! Miezi yote ile ya kusomba maji, halafu plastiki! Joviana alikata simu, akaifukia chini ya mto wa kitandani, akaenda kupalilia. Magugu angalau hayana kamati.

Alhamisi jioni Mzee Gamaliel akafariki. Alikuwa jirani wa upande wa bondeni, Mlutheri mpole aliyemruhusu Joviana kupita katikati ya kibanja chake kwenda chemchemini, wakati wengine waliziba njia kwa miiba. Joviana alimlilia kwa machozi ya kweli. Mzee alikuwa ameacha neno kwamba asicheleweshwe, kwa hiyo mazishi yakapangwa kesho yake, Ijumaa mchana.

Na hapo ndipo shida ilipoanza. Kijijini kwao, mtu akifa, jembe linalala. Hakuna kazi ya shamba mpaka marehemu awe chini ya udongo. Chama cha kuzikana kinasimamia hilo bila kutazama sura ya mtu. Anayevunja anatozwa faini, na nyumba inayokataa kutozwa, siku yao ikifika watachimba kaburi wenyewe. Lakini harusi ni Jumamosi, gari la kwenda Bukoba ni Ijumaa jioni, na kala ikikatwa jua likiwa limepanda inainamisha kichwa njiani kabla hujafika hata Muhutwe. Lazima ikatwe alfajiri, inywe maji mchana kutwa. Usiku ule Joviana aligeuka kitandani akijitetea peke yake: mkasi si jembe. Kukata si kulima. Mzee mwenyewe angenielewa.

Kabla hakujapambazuka vizuri alikuwa shambani. Alikata haraka mpaka mkono wa kushoto ukajaa nyeupe. Alipoinua uso, njiani amesimama Mushumbusi, katibu wa chama, amejifunika blanketi, anatoka kwenye mkesha.

"Joviana. Hukusikia kwamba kuna msiba?"

"Nimesikia."

"Na hayo mkononi ni nini?"

Joviana aliushusha mkasi. Mushumbusi alitazama maua, akatazama mkasi, akaenda zake bila neno la pili. Na Mushumbusi akinyamaza, ujue maneno anayatunza.

Mawe, mama yangu! Siku gani ile. Joviana aliweka kala kwenye ndoo jikoni, akazifunika kwa majani ya mgomba, akaenda msibani kumenya ndizi na wanawake wenzake huku masikio yanawaka moto. Wakazika. Wakaimba wimbo wa mwisho. Watu waliporudi kukaa chini ya turubai, mwenyekiti wa chama, Mzee Lwakatare, akasimama na fimbo yake, akatoa shukrani, kisha akasema kuna jambo. Joviana alijua ni jambo gani. Kule barabarani kirikuu ya Faruku, kigari cha mizigo alichokikodi kwenda Bukoba, ilikuwa imeshafika, na Faruku, asiye na adabu ya msiba hata kidogo, akapiga honi.

Mushumbusi akaeleza alichokiona. Minong'ono ikapanda. Lwakatare hakumuuliza Joviana kwanza; alimgeukia mkuu wa nyumba, ndivyo inavyofanyika. "Kamugisha, umesikia. Mke wa mdogo wako amefanya kazi ya shamba mzee akiwa bado amelala ndani. Unasemaje?"

Kamugisha akainuka akitabasamu. Kesho anamwoza binti, atakubalije aibu leo?

"Waitu, tusipoteze muda," akasema. "Shemeji yangu halimi. Mnapajua pale. Pana mgomba? Pana mbuni? Pana maua! Mtoto akichuma ua njiani mnamtoza? Mimi nasema siku zote, pale si shamba, pamelala tu, na huyu mama anajifurahisha. Mwacheni aende akampambie mwanangu."

Watu wakacheka, kicheko cha chinichini cha msibani. Hata Mushumbusi alilegea. Lwakatare akaitikia kwa kichwa, akasema hoja ina uzito, maua kweli si mazao, na kama hakuna mwenye neno, jambo limekwisha.

Jambo limekwisha! Joviana alipumua. Ameokoka. Anachotakiwa ni kunyamaza tu, achukue ndoo zake, apande gari. Kisha yale maneno yakamrudia, pale si shamba, pamelala tu, na safari hii si ndugu wa Pasaka waliosikia, ni kijiji kizima, kutoka mdomo wa mrithi, na yeye mwenyewe amekaa hapo akinufaika nayo. Akinyamaza, amekubali. Kyanda kikiisha atakwenda kumwambia nani kwamba analima? Hasira ilimpanda kutoka miguuni. Wema wa shemeji yake ulikuwa unampokonya shamba!

Akasogea mbele ya Mzee Lwakatare, akapiga magoti kama mbele ya baba.

"Mimi nina neno, tata."

"Binti, shemeji yako amekwisha kukutoa hatiani."

"Hajanitoa. Nimekosa. Nimevuna siku ya msiba."

Watu wakageukiana. Kamugisha akasema kwa kubana meno, "Shemeji, rudi ukae."

"Sirudi, shemeji. Pale ni shamba. Tangu migomba ilipokufa nalima pale, nyote mnaniona nikipita na ndoo, msijifanye hamnioni. Mgongo huu umeharibikia pale. Leo nimevuna kama mtu anavyovuna maharage, na mzee aliyenipa njia ya maji alikuwa bado hajazikwa. Nimemkosea yeye, nimewakosea na nyinyi. Nitozeni kama mnavyomtoza mkulima yeyote. Msinisamehe kwa kuniambia nacheza!"

Hapo akalia, na alichukia kwamba analia. Bibi mmoja nyuma akasema kwa Kihaya kwamba mtu akikiri mwenyewe, mwingine anamkatalia ili iweje?

Lwakatare alimtazama, kisha akamtazama Kamugisha. Mzee yule si mtoto. Sijui alielewa lini, lakini alielewa kinachogombewa pale.

"Joviana mke wa Avit amevuna shambani kwake siku ya msiba," akasema. "Atatoa mkungu mmoja na debe la pombe ya rubisi kwa wafiwa. Na mpaka kyanda kiishe, kila msiba wa kijiji hiki, wa kuchota maji ni yeye."

Maji! Katika adhabu zote za dunia, maji! Joviana alitaka kucheka na kupiga kelele kwa pamoja. "Nimepokea, tata," akasema.

"Na mkuu wa nyumba?" Lwakatare akauliza. "Adhabu ya nyumba yako unaikubali, au chama kiendelee na utaratibu wake?"

Kamugisha alisimama pale watu wote wakimtazama. Akikataa, nyumba yake haina wa kuizika. Akikubali, amekubali shamba. Akaitazama fimbo ya mwenyekiti.

"Nakubali," akasema.

"Hatujasikia huku nyuma," akasema Mushumbusi.

"Nimesema nakubali!"

Joviana alikwenda kwa wafiwa akawapa mkono, akakimbia nyumbani kubeba ndoo. Faruku alimsaidia kuzipakia huku akinung'unika kwamba wamechelewa, giza litawakuta njiani. Alipoona macho yake mekundu, akalainika.

"Nimesikia wamekutoza, mama. Pole sana."

"Pole ya nini? Endesha gari."

Walikuwa hawajafika hata barabara ya lami simu ikaita. Dativa. Ukumbi uko wazi, kamati ina wasiwasi, maua ya plastiki yamefika lakini hayatoshi, na je, ile bluu ya kifalme imepatikana?

"Haikupatikana," akasema Joviana. "Nakuja na nyeupe. Zimetoka shambani kwangu."