Buabua Waliponyamaza

Waulize wanawake wa Kuze ni nani aliyewapiga picha siku ya harusi, tisa kati ya kumi watakutajia Bi Hind. Ukumbi wa wanawake mwanamume haingii, kwa hiyo nyuso za maharusi wa mtaa mzima zimepitia mikononi mwake. Lakini Jumapili asubuhi utamkosa. Atakuwa kwenye boti ya nahodha Mung'aro, nje ya bandari, karibu na mwamba, akiwapiga picha buabua wakiruka. Na ndege hao ni jeuri. Weupe, wembamba, kelele zao utadhani wanagombania samaki mnadani, na ukimfuata mmoja kwa kamera shingo yakuuma kabla hujapata hata ubawa.

Watu walidhani anapenda ndege. Ndege gani! Mumewe, Abdulhadi, fundi wa injini za boti, alipotelea pale mwambani miaka minne iliyopita. Boti ilionekana, fundi hakuonekana. Hapakuwa na maiti, wala matanga, wala eda. Asiyekuwapo na lake halipo, wakasema majirani. Kaka yake Hind, Aidarus, hakuishia hapo: mwanamke wa miaka thelathini na minane hawezi kuwa mke wa bahari. Alikwisha kupata tarehe kwa Kadhi, Jumatatu ya wiki ya pili. Hind aende akaombe Abdulhadi ahukumiwe kuwa amekufa, akae eda yake ya miezi minne na siku kumi, kisha aishi kama watu wengine.

"Nikitamka mimi kwamba amekufa," Hind alimjibu, "nitakuwa nimemuua mimi."

Hilo ndilo lililokuwa likimla.

Basi Jumapili moja, jua limekwisha kupanda, buabua wakanyamaza. Aliyewahi kuwasikia atajua si jambo dogo. Wakashuka, wakafanya duara juu ya maji matupu, hakuna dagaa, hakuna povu, vichwa vyote vimegeukia katikati. Hind akabonyeza kamera, akabonyeza tena, hakuacha. Mung'aro hakungoja kuambiwa. Aliwasha injini akageuza boti kurudi mjini.

Nyumbani alizifungua picha kwenye kompyuta, moja baada ya moja. Katika kila picha ndege walikuwa wamepinda mbawa ili wasipaguse mahali pamoja. Upana wake mabega ya mtu, urefu wake kimo cha mtu aliyesimama. Ndani yake hamna kitu, hewa tu. Na picha hadi picha, pengo lile lilikuwa likiijia boti. Katika picha ya mwisho alidhani ndege wanamtazama yeye. Akaikuza, akaangalia vizuri. Walikuwa wakitazama kando yake, upande wa kushoto, kwenye ubao alipokuwa ameweka mkoba.

Wallahi nywele zilimsimama. Lakini ndani ya hofu ile mlikuwa na furaha, na furaha yenyewe akaionea aibu. Amekuja! Wiki nzima hakulala vizuri, na kadiri alivyowaza ndivyo furaha ilivyogeuka kuwa uchungu. Miaka minne mtu wa watu ananing'inia pale, hana kaburi, hana nyumba, kwa sababu mkewe hataki kufungua mkono.

Jumapili iliyofuata, kesho yake ndiyo siku ya Kadhi, akamwendea tena Mung'aro. Akakataa. Akaombwa tena, akakataa tena. Mara ya tatu akamtazama usoni, akavuta kamba ya injini, kwa sharti moja tu: yeye atatazama mbele na hatageuka.

Mwambani buabua wakaja bila sauti. Safari hii hawakufanya duara juu ya maji, waliizunguka boti yenyewe. Kamera ilikuwa shingoni mwa Hind na hakuiinua. Akaweka kiganja kwenye ubao wa kushoto. Jua lilikuwa kali, na ubao ulikuwa baridi.

"Abdulhadi," akasema, "nilikung'ang'ania kwa sababu nilikupenda. Sasa nenda, mume wangu. Nenda na radhi zangu."

Boti ikainuka kidogo upande wa kushoto, vile inavyoinuka abiria mzito anaposhuka. Mung'aro akashika ukingo kwa mikono miwili, na kweli hakugeuka. Kisha buabua wakapiga kelele, wote kwa mara moja, wakatawanyika.

Jumatatu alisimama mbele ya Kadhi, Aidarus kando yake na maneno aliyoyapanga wiki nzima. Hayakuhitajika. Hind aliulizwa kama tangu siku ile amemwona mumewe. Akasema hajamwona, na ilikuwa kweli tupu. Akaulizwa kama yeye mwenyewe anaamini amekufa. Kilio alichokibana miaka minne kikamtoka pale pale, mbele ya watu, naye hakukizuia. Aidarus akamshika mkono. Kadhi akangoja mpaka akatulia, halafu akasoma hukumu taratibu, akaanza kumweleza habari ya eda.

Hind akafuta macho kwa ncha ya buibui.

"Samahani, Sheikh," akasema. "Naihesabu kuanzia leo, au kuanzia jana?"