Nyota Chini ya Mtutu

Kiwandani walimwita Masizi, na hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kukagua bunduki za marisau, zile za kukunja katikati unapotia risasi. Aliyapaka maungio masizi ya taa, akaifunga bunduki, akaifungua, akatazama. Palipofutika, chuma kimegusana na chuma. Palipobaki peusi pana mwanya, basi alishika tupa na kusugua kidogo kidogo mpaka vyote vikae sawa. Jioni alirudi nyumbani amechafuka mpaka masikioni, na mkewe hakumruhusu kugusa mlango kabla ya kugusa sabuni.

Bunduki iliyomridhisha aliigonga nyota ndogo chini ya mtutu. Wanunuzi wenye kujua waliigeuza bunduki kwanza, wakaitafuta nyota, ndipo wakauliza mengine. Hiyo nyota ndiyo ilikuwa heshima yake yote. Mali nyingine ya kujivunia hakuwa nayo.

Kisha wakaja wakubwa wapya. Komeo, kile kipande kinachoushika mtutu usifunguke, zamani lilichongwa kwenye feleji ngumu. Sasa likawa linamiminwa kwenye kalibu, chuma laini, linatoka linang'aa kama kijiko kipya. Kitako nacho kikawa cha mbao hafifu zilizogundishwa, zikapakwa rangi zifanane na mti mgumu. Mtu akifika mahali pa kuupaka mti rangi ya mti, ujue ameishiwa haya.

"Mnunuzi haoni ndani," alisema meneja.

Masizi alinung'unika, akanuniwa, akaendelea na kazi. Alizikagua bunduki mpya kwa ukali maradufu. Zilizolegea alizirudisha, na zilizokaza alizigonga nyota, akalala usingizi mzuri.

Lakini mafundi bunduki wana adabu yao moja: bunduki haibamizwi. Unashika mtutu kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, unaifunga polepole, komeo unalisindikiza kwa dole gumba. Anayebamiza huambiwa hakulelewa. Masizi aliwahi kumnunia fundi mwenzake mwezi mzima kwa kosa hilo.

Jumapili moja mume wa dada yake alikuja kumtembelea. Shemeji huyo alikuwa mlinzi wa shamba la mahindi, kazi yake kufukuza nguruwe pori, na tajiri yake alikuwa amemnunulia bunduki mpya kutoka kiwanda kile kile. Aliiweka mezani.

"Shemeji, hii kitu yenu ina kiherehere. Nikipiga, inajifungua yenyewe."

"Inajifungua vipi?"

"Juzi moshi wote umenijia usoni. Nusura nipofuke, na nguruwe kaondoka zake anacheka."

Masizi aliikagua ndani, haikuwa na risasi. Aliifunga, akaitikisa. Ilitulia tuli.

"Mbona nzima?"

"Mikononi mwako ni nzima. Lete hapa."

Shemeji aliifungua, akaishika kwa mkono mmoja, akairusha juu kidogo, ikajifunga kwa kishindo. Masizi alikunja uso kama aliyeona mtoto anazabwa kofi.

"Ndivyo unavyoifunga?"

"Sasa nifunge vipi? Nguruwe atanisubiri?"

Masizi aliichukua, akameza mate, akaibamiza. Akaibamiza tena na tena. Kisha akaitikisa, mtutu ukacheza, na alipotazama komeo aliona ncha yake imebonyea. Komeo la zamani lingebamizwa maisha yote bila kubonyea. Hili jipya lilivumilia mikono ya fundi tu, na yeye alikuwa akilipima kwa mikono hiyo hiyo.

Kesho yake alisimama mbele ya rafu ya bunduki zilizosubiri nyota, akaanza kuzibamiza moja baada ya nyingine. Tupa zote karakanani zilinyamaza. Nyingi zililegea hapo hapo, kabla meneja hajafika akihema.

"Unaharibu mali ya kampuni."

"Nazifunga kama watakavyozifunga wao."

"Basi tutaandika kwenye boksi: ifungwe taratibu."

Mchana huo huo Masizi alihamishiwa kufunga maboksi. Chapa ya nyota akapewa fundi mwingine, na bunduki zikaendelea kutoka na nyota zao.

Jioni alikwenda kwa dada yake moja kwa moja, bila kunawa. Alimkuta shemeji anavaa viatu vya kwendea shamba.

"Usiipige tena hiyo bunduki. Mwambie tajiri airudishe."

"Ataniambia ina nyota."

"Mwambie mwenye nyota ameikana."

Shemeji alimtazama, akaona safari hii hakuna utani. Aliiegemeza bunduki ukutani, akachukua rungu.

"Sawa. Mimi nina shemeji kiwandani," alisema. "Na wale wengine waliouziwa, wao wana nani?"

Masizi aliona aibu. Dada yake alipomkaribisha chakula, alisema ameshiba.