Yudith na Amri ya Makofi Matatu

Miaka ile Mjerumani alipokuwa na boma lake Mpwapwa, katika vilima vyote vya Kibakwe hapakuwa na mwanamke aliyejua kupiga kigelegele kama Yudith, mke wa Nikodemo. Akikitoa huku, wachungaji wa kilima cha pili walisimama wakaulizana nani amejifungua. Kabla ya kubatizwa alikuwa mpiga ngoma, maana kwa Wagogo ngoma ya muheme ni ya wanawake, huibana katikati ya magoti wakaipiga kwa mikono miwili. Alipobatizwa aliambiwa aachane na ngoma zake. Akatii. Alizipeleka kwa shangazi yake, ambaye nyumba yake ya tembe ilikuwa hatua thelathini kutoka kwake. Kuhusu koo lake hakuna aliyemwambia lolote.

Mumewe alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa, mfugaji mrefu, mpole, ambaye hakusema neno bila kukohoa kwanza. Umri wake ulikuwa umeshapita arobaini siku vijana walipomcheka kanisani. Kumbe kwa miaka miwili, mahali wenzake walipoimba "tumeokoka," Nikodemo aliimba "tumechoka," kwa sauti nzito na kwa moyo wote.

Njiani kurudi nyumbani alikuwa amevimba.

"Mama Ruthu, wewe ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ndivyo unavyojisikia, Baba Ruthu."

Kesho yake asubuhi Nikodemo alikwenda shule. Alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakimfika kidevuni, akaanza na herufi ya kwanza. Miaka mitatu alikwenda hivyo, ng'ombe akiwaachia wakwe zake, na mwaka wa tatu mwalimu akamwambia yumo katika wale sita watakaopewa cheti.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Bartolomayo, kijana wa miaka ishirini na mitano aliyesomea misheni, safi, mnyoofu, mwenye kupenda taratibu kuliko chakula. Siku ya vyeti ilimkosesha usingizi kwa sababu ya yale yaliyotokea mwaka uliotangulia. Mwaka ule mpwa wa Yudith ndiye aliyepewa cheti, na Yudith alipiga kigelegele Bwana Shauri akiwa katikati ya hotuba. Huyo Bwana Shauri ndiye Mjerumani aliyehukumu mambo yote ya wilaya. Nyumbu wake wa kupanda alishtuka, akakata kamba, akapita na mlingoti wa bendera. Bendera ya Kaisari ilipatikana saa kumi alasiri kwenye shamba la uwele, ndege wakiwa wameshaizoea. Bartolomayo aliitwa bomani kujieleza, na kutoka siku hiyo alipolisikia jina la Yudith alianza kutokwa jasho.

Kwa hiyo safari hii, wiki moja kabla, alitangaza amri kanisani. Vigelegele, marufuku. Kuita jina la mhitimu, marufuku. Kumkimbilia, kumpaka mafuta kichwani, kumrukia shingoni, kumcheza, marufuku. Yeye mwalimu atasimama mbele na kitambaa cheupe. Kitambaa kikipanda juu, watu wote watapiga makofi matatu, si mawili, si manne. Kitambaa kisipopanda, kimya.

Halafu, kwa kutoamini masikio ya watu, akaenda mwenyewe hadi nyumbani kwa Yudith.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kaa, unywe maziwa."

"Sikai, mama. Nimekuja juu ya ile amri. Uliisikia?"

"Kitambaa kikipanda, matatu. Kisipopanda, kimya."

"Bila kigelegele."

"Bila kigelegele."

"Hata Nikodemo akipewa cheti?"

Yudith alimtazama kwa macho ya mtu asiyejua kosa. "Mwalimu, nimekwambia nitashika amri. Nitaishika mpaka uniombe niiachie."

Bartolomayo akaondoka ameridhika. Nikodemo, aliyekuwa nyuma ya ukuta akikama, hakuridhika hata kidogo, maana yeye alikuwa amekaa na mwanamke huyu miaka ishirini na mbili.

"Mama Ruthu," alimwambia baadaye, akakohoa. "Mimi nitasimama mbele ya Mzungu nisome. Tafadhali usinitie aibu."

"Nimekutia aibu lini?"

Nikodemo akafikiri aanzie wapi, akaona heri arudi kwa ng'ombe wake.

Jioni ile Yudith alikwenda mtoni walikokuwa wanawake wakichimbua maji mchangani. Akamwita Emilia, rafiki yake ambaye zamani walipiga ngoma pamoja, akawaita na wengine. Wakawa zaidi ya thelathini. Aliwafundisha makofi matatu. Kwa kuwa ilikuwa mikono ya watu waliokulia kwenye muheme, haikuchukua muda. Makofi thelathini yalitoka kama kofi moja, yakapiga mwamba wa ng'ambo yakarudi.

"Na nani anatazama kitambaa?" Emilia aliuliza.

"Wote. Hicho ndicho tulichoambiwa."

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa kumi, joto limekaa juu ya uwanja, upepo hakuna. Padre alikuwa na homa, hivyo mambo yote yalikuwa juu ya Bartolomayo. Wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto, wameketi chini, mikono mapajani, wanyenyekevu ajabu. Nyumbu alifungwa mbali sana, nyuma ya kanisa. Bwana Shauri aliketi kwenye kiti pekee kilichokuwapo, akasimama, akaanza hotuba kwa Kiswahili chake cha kibomani.

"Mwaka huu mvua ilikuwa kidogo," alisema.

Bartolomayo, koti limefungwa mpaka shingoni, alihisi jasho likimwingia jichoni. Akainua kitambaa, akajifuta paji la uso.

Pa! Pa! Pa!

Bwana Shauri akageuka. Wanawake walikuwa kimya, macho mbele. Akaendelea.

"Nzige pia walikula uwele wa watu wengi."

Jasho likashuka tena. Kitambaa kikapanda.

Pa! Pa! Pa!

Wanaume upande wa kulia wakaanza kuinamisha vichwa. Mzee mmoja alijifunika mdomo kwa kaniki yake, mabega yakimcheza. Bartolomayo hakujua bado mkono wake ndio unaoleta yote hayo. Alichojua ni kwamba mambo yanaharibika, na kadiri yalivyoharibika ndivyo alivyotokwa jasho.

"Mtu asiyelima barabara ya boma," Bwana Shauri akasema kwa ukali, "atapigwa hamsa ishirini!"

Pa! Pa! Pa!

Viboko ishirini na vitano havikuwa vimewahi kushangiliwa hivyo tangu vilipoletwa. Bwana Shauri akaiweka chini karatasi yake.

"Kwa nini ninyi mnafurahi?"

Yudith akainuka taratibu, akakunja nguo yake vizuri, akapiga goti.

"Bwana, hatufurahi. Tunashika amri. Mwalimu alisema kitambaa kikipanda, matatu."

Bwana Shauri akamtazama Bartolomayo. Bartolomayo akakitazama kitambaa mkononi mwake, na watu wakaona damu ikimpanda masikioni.

"Weka mfukoni," Bwana Shauri alisema.

Akakiweka mfukoni. Hotuba ikaisha salama, na vyeti vikaanza kutolewa.

Mhitimu wa kwanza akaitwa, akaja, akapokea, akainama. Hakuna kofi hata moja. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alipopokea, mbuzi alilia nyuma ya kanisa, na hiyo ndiyo sauti pekee aliyoipata. Mama yake alikuwa ameng'ata kanga yake, machozi yanamlenga, lakini hakupiga. Bwana Shauri akakunja uso.

"Sasa kwa nini hawapigi makofi? Hawapendi shule?"

Bartolomayo akawageukia wanawake, akawafanyia ishara kwa mikono, kwa nyusi, kwa kidevu. Yudith akamrudishia uso wa huruma.

"Mwalimu, hatujaona kitambaa."

Kitambaa kilikuwa mfukoni kwa amri ya serikali. Bartolomayo hakuwa na pa kutokea, na Emilia ilimbidi ajifinye paja asicheke.

Wa nne na wa tano wakapita katika kimya kile. Wa sita alikuwa Nikodemo. Yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, ndiye aliyepangiwa kusoma. Alikohoa mara tatu, akafungua kitabu, akasoma aya nzima bila kujikwaa. Yudith, aliyekuwa akicheza na watu tangu asubuhi, aliacha kucheza. Alimwona mumewe akishika kitabu kwa mikono miwili kama mtu anayebeba kibuyu kilichojaa.

Lakini Bwana Shauri hakuamini.

"Huyu mzee amekariri," alisema. Akapapasa mfuko wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa, akamkabidhi bila hata kuitazama vizuri. "Soma hii. Kwa sauti, watu wote wasikie."

Nikodemo akaikunjua. Ilikuwa barua iliyoandikwa na karani wa boma kwenda kwa jumbe, na ilikuwa ifikishwe jioni ile kwa siri. Nikodemo hakujua kwamba ni siri. Aliambiwa asome, akasoma.

"Kwa Jumbe wa Kibakwe. Salamu. Jumatatu alfajiri... askari wangu... watakuja. Toa wapagazi arobaini... wenye nguvu. Watachukua mizigo mpaka Kilimatinde. Usiwaambie kabla... wasije wakakimbia."

Aliinua macho. "Nimemaliza, Bwana."

Wanaume wa upande wa kulia walitazamana, na unaweza kusema kila mmoja alikuwa ameshaanza kuhesabu siku mpaka Jumatatu. Zilikuwa mbili.

Bwana Shauri alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Amri ya kusoma ilikuwa yake, na ya kupaza sauti ilikuwa yake. Kwa sababu alikuwa mtu wa taratibu na hakuona njia nyingine, akasema, "Amesoma sawasawa," akampa Nikodemo cheti.

Bartolomayo alipoona mtu aliyemfundisha kwa miaka mitatu, kuanzia herufi ya kwanza, ameisoma barua ya boma bila kukosea neno, alisahau nyumbu, akasahau bendera. Alimgeukia Yudith.

"Mama," alisema, sauti imemkatika, "piga."

Kigelegele kile, wanasema, kilisikika mpaka njia ya Mpwapwa. Wanawake thelathini walikidaka, na wazazi wa wale watano waliopita kimya wakainuka kuwakumbatia watoto wao upya, mmoja mmoja, wakiwapaka mafuta vichwani mpaka vyeti vikalowa.

Jumatatu alfajiri askari walipofika walimkuta jumbe, wazee wanne na mbwa. Wanaume wote walikuwa wamepeleka ng'ombe malishoni, mbali, kwa sababu ya ukame. Nikodemo peke yake hakwenda. Alisema amechoka kukimbia na hana kosa. Walimchukua, akaponda mawe bomani wiki mbili, na Yudith alimpelekea chakula, mwendo wa siku nzima kwenda, siku nzima kurudi. Siku ya kwanza alimlilia mbele ya askari wote, akijilaumu kwa kumpeleka shule, jambo ambalo hakulifanya.

Nikodemo aliporudi, watu walianza kumletea kila karatasi waliyoiokota, hata ya kufungia chumvi. Yudith alikaa pembeni akisikiliza, akauliza maswali, akakasirika kwamba lazima asubiri mume akohoe kwanza ndipo ajue kilichoandikwa. Mwaka uliofuata alibisha hodi shuleni.

"Unataka kujifunza nini, mama?" Bartolomayo aliuliza, akijishika kifua.

"Kila kitu. Na uniweke mbele, macho yangu si mazuri."

Alifika ukurasa wa kumi na nne. Kisha vita ya Wazungu ikaja, shule ikafungwa, na benchi likapasuliwa kuni. Kurasa zile kumi na nne alizijua mpaka alipozeeka, na alizisoma kwa sauti ya juu kabisa, hasa wageni wakiwa wamelala.