Jinsi Wakiuru Alivyoisifu Serikali

Wakiuru Kimotho alikuwa mjane aliyeuza maharagwe katika soko la Kitale. Mzigo wake aliutoa Bungoma, na kila mwisho wa mwezi alipokwenda kununua, alipitia nyumba ya watoto viziwi iliyokuwa nje kidogo ya mji ule na kushusha gunia moja. Alianza mwaka 1998. Mwaka huo binti yake Nyambu, aliyekuwa akisoma na kulala hapo, alikufa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka tisa. Mama mwingine angeikwepa nyumba ile. Wakiuru hakuweza kuipita.

Baadaye aliwajengea jiko. Mwalimu Mukhwana, msimamizi wa nyumba, aliandika juu ya mlango kwa rangi ya buluu: JIKO LA NYAMBU. Phelista, mpishi, aliwafundisha watoto wageni ishara ya jina hilo. Ilikuwa kidole shavuni, maana Nyambu alikuwa na kishimo pale akicheka.

Waliosaidia walikuwa wengi. Edah, mfugaji wa pale Bungoma, alileta maziwa mara mbili kwa wiki. Mwenye kinu cha posho aliwasagia mahindi bure. Makanisa mawili ya Kitale yalipeleka sadaka ya mavuno kila mwaka. Watoto hamsini na wanne walikula kwa njia hiyo, na hakuna aliyelala njaa.

Mwaka 2005 serikali ilitoa pesa za maendeleo, na nyumba ikajengewa bweni jipya la matofali. Wakiuru hakualikwa kwenye ufunguzi. Alifika tu na gunia lake kama kawaida, akakuta mahema, viti vya plastiki, na Mukhwana ameshika maikrofoni.

"Tulikuwa tunaishi kama ombaomba," Mukhwana alikuwa akisema. "Leo mama ya soko na gunia yake, kesho mwingine na jagi ya maziwa, na kila mtu anataka tumwimbie. Hiyo maneno imeisha, bana! Sasa tuko na serikali!"

Watu walipiga makofi. Wakiuru naye alipiga, kwa adabu, hadi alipotazama jikoni. Ukuta wote ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa. Juu ya mlango palikuwa na kibao cha mradi. Alikwenda akagusa chini ya kibao, na rangi mbichi ikamshika kidoleni.

Alimsubiri Mukhwana ashuke jukwaani.

"Mwalimu, jina ya mtoto iko wapi?"

"Mama Nyambu, hiyo ni rangi tu. Hii sasa ni mradi ya serikali. Hatuwezi kuweka jina ya kila mtu."

"Si ya kila mtu. Ni ya mtoto alikufa hapa."

"Sawa, tutaona," Mukhwana alisema, akageuka kuwaelekeza wageni kwenye chakula.

Wakiuru alilirudisha gunia kwenye pikapu. Akamwambia dereva warudi Kitale. Alijua atalipiza, alichokuwa akitafuta njia nzima ni namna. Akimtukana Mukhwana, watu wa Bungoma watamtetea mtu wao. Akilalamika, ataonekana mjane anayedai sifa. Walipofika Kitale alikuwa ameshapata, na alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Aliamua kusifu.

Jumapili alisimama kanisani. "Wapendwa, Mungu ni mwema. Wale watoto wetu wa Bungoma wameshikwa mkono na serikali. Wako na bweni kama hoteli. Hawana haja na sisi tena." Watu waliitikia amina, na wazee wakaamua mavuno ya mwaka huo yakarabati paa la kanisa. Jumapili iliyofuata alifanya vivyo hivyo katika kanisa la pili. Alimpigia simu mwenye kinu, akampongeza kwa miaka yote aliyojitolea na kumwambia apumzike sasa. Hakusema uongo hata mmoja mkubwa. Alisifu tu, na kila aliyemsikia alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Edah ndiye aliyemshangaza. "Mimi niliacha kupeleka maziwa mwezi jana," alisema. "Si serikali inawalisha? Kwani kodi tunalipa ya nini?"

Wiki ya tatu Phelista alimpigia simu. "Mama Nyambu, bweni ni mzuri, lakini sufuria iko tupu. Ile pesa ilikuwa ya kujenga peke yake. Hairuhusiwi kununua hata chumvi. Ambia watu."

"Nimesikia," Wakiuru alijibu.

Hakumwambia mtu. Aliendelea kusifu.

Watoto walikula ugali na chumvi, halafu uji wa asubuhi na jioni, halafu Mukhwana akafunga muhula wiki tano kabla ya siku yake na kuwarudisha kwao. Ndipo alipokuja Kitale. Wakiuru alimwona kwa mbali, shati limelowa jasho. Hakumpa kiti. Alihudumia wateja sita huku mwalimu mzima amesimama katikati ya magunia.

"Mama, tusaidiane," Mukhwana alisema hatimaye. "Watoto wanateseka."

"Rudia ile ulisema kwa maikrofoni."

"Mama..."

"Ile ya ombaomba. Sema hawa wamama wasikie."

Akarudia, macho chini, na wanawake wa soko wakaacha kupima ili wasikilize. Alipofika kwenye jagi ya maziwa sauti ilimkatika. Wakiuru alimfanya aanze upya.

Kesho yake alimfuata Bungoma, akamsimamia juani huku mwalimu akipanda ngazi na kopo la rangi ya buluu. Herufi zilitoka kombo. Wakiuru alimfanya azifute aandike tena, mara mbili. Phelista alikuwa mlangoni, akitazama.

"Umefurahi?" Phelista aliuliza.

"Bado kidogo."

"Yeye hakulala njaa hata siku moja, mama. Ako na mke, ako na shamba. Wenye walilala njaa ni watoto. Na ulijua, maana mimi ndiye nilikuambia."

Wakiuru aligeukia pikapu. Alishusha magunia mawili, akarudi Kitale kuwaambia watu waanze kutoa tena.

Hapo ndipo alipogonga mwamba. Kanisani walimsikiliza kwa upole, lakini paa lilikuwa bado halijakwisha. Mwenye kinu alisema atafikiria. Edah alicheka. "Si ni wewe ulisema wanakaa kama hoteli? Maziwa yangu sasa inaenda kwa kiwanda, na mimi nimeizoea hiyo pesa."

Muhula uliofuata walirudi watoto thelathini na mmoja. Waliobaki, wazazi walikuwa wameshawazoesha kuchunga na kubeba maji. Wakiuru alifika hadi Lwakhakha, mpakani na Uganda, kuwatafuta wawili. Mmoja alikuwa amevuka mpaka na mjomba wake, na wa pili alipomwona aliingia ndani akafunga mlango.

Mukhwana alistaafu mwaka 2007. Kamati ya nyumba ile ilituma mtu kumwomba Wakiuru mchango wa kumnunulia zawadi ya kumuaga. Alimpa mjumbe chai, akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia hatatoa hata kijiko. Kisha akamwomba amsaidie kupakia magunia matatu ya maharagwe ya watoto kwenye pikapu, kwa kuwa siku hizo alikuwa akiwalisha karibu peke yake.