Mti Kwenye Ua wa Kupanga

Siku miche ilipogawiwa mtaani kwetu, hapa Nakawa, nilikuwa mbele kabisa kwenye foleni. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ametangaza kila nyumba ipande mti, maana mvua ikinyesha udongo wote wa mlimani ulihamia vyumbani mwetu. Nikapewa mparachichi. Nikaupanda uani, kwenye kona ya mtaro, nikauzungushia matofali, na mimi mkimbizi nikajiona mwenyeji kuliko wenyeji.

Jioni mama mwenye nyumba akapita. Akautazama mche, akaingia kwake bila kunisalimu. Mganda wa umri wake humsalimu hata anayegombana naye. Nikajua nimeharibu, ila sikujua nini.

Jirani yangu, Mnubi anayeuza mandazi langoni, ndiye aliyenifungua macho.

"Wewe ulipanda miti kwa kiwanja ya watu?" Akashika kichwa. "Mahindi unaweza panda, maharage pia. Unakula, inaisha. Lakini miti hapa Buganda anapanda mwenye ardhi. Sasa yeye anaona unataka kumunyang'anya."

Kumnyang'anya! Mimi niliyeacha shamba zima Kivu, na miti yake yote, nimnyang'anye mtu kona ya mtaro? Nilikasirika, kisha nikaogopa. Akitufukuza, watoto nitawapeleka wapi katikati ya muhula?

Asubuhi nikatoka kwenda kuung'oa. Nikamkuta mama mwenye nyumba ameshafika, jembe mkononi. Nikapiga magoti kama wafanyavyo wanawake wa hapa.

"Jajja, bibi yangu, unisamehe. Sikujua."

Akauchimbua mche pamoja na udongo wake, akauweka kando. Nikangoja aseme nihame. Badala yake akapanua shimo lilelile, akaurudisha mche, akaushindilia kwa kisigino.

"Sasa ni miti yangu," akasema. "Wewe utakuwa unamwaga maji." Ndipo akanisalimu: "Wasuze otya nno, nyabo?"

Nikaitikia huku machozi yananitoka. Tangu siku hiyo hatujakosana.

Lakini kiangazi kikiingia sina raha. Naumwagilia kabla watoto hawajanywa chai, nageuza jani moja moja kutafuta wadudu. Mti huu ukikauka, nani ataamini kwamba si mimi niliyeukausha?