Shemeji Ameuza Kaburi la Mama Aliye Hai, Nimekataa Kusaini Hesabu

Admin, jina langu lifiche ila maneno yangu usiyapunguze. Nina miaka thelathini na sita, mke wa mtu na mama wa watoto wawili, naishi Area D hapa Dodoma. Ni mhasibu. Kwa miaka sita nimefanya kazi kwenye kampuni ya kaka wa mume wangu, yaani shemeji yangu kabisa. Kampuni inahudumia misiba: majeneza, gari la kubebea mwili, na ina eneo lake la makaburi nje ya mji, ukishapita Zuzu. Watu walinicheka kwamba nakula kwa vifo vya wenzangu. Sikuwahi kuona aibu. Mtu akifiwa hajui hata aanzie wapi, sisi ndio tuliomshika mkono, na kazi ile niliipenda.

Kila mwaka tunafunga hesabu na kuwasomea wanahisa, ambao ni shemeji na rafiki zake walioweka mtaji. Mwaka jana tulipata hasara. Mwaka huu shemeji alishawaahidi gawio hata kabla sijamaliza kujumlisha. Akaniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Shem, zile hela za watu wanaolipia makaburi mapema, ziingize zote kwenye mapato ya mwaka huu."

Nikamwambia, "Shemeji, wale watu wako hai. Hiyo ni amana yao. Tukigawana leo, siku wakifa tutawazika kwa hela gani?"

Akacheka. "Wewe andika. Maiti hadai risiti."

Niseme ukweli, msije mkaniona malaika. Mwaka juzi aliniomba nisogeze gharama za mbao za majeneza ziingie mwaka unaofuata ili hesabu zipendeze, na nikasogeza. Nadhani ndiyo maana alijua nitakubali tena.

Kesho yake nilichukua daftari la makaburi nikaenda Zuzu kuhesabu nafasi tulizokwisha kuuza, ili niwaonyeshe wanahisa kwa ushahidi. Msimamizi wa pale alinitembeza mstari kwa mstari. Tukafika kwenye kaburi la mzee mmoja ambaye mke wake, nitamwita Mama Yustina, alilipia nafasi ya ubavuni kwake. Mama huyu ni muuguzi mstaafu, Msandawe wa Chemba. Kila mwezi alikuja dirishani kwangu na hela yake imefungwa kwenye leso, tukasalimiana, nikamwandikia risiti kwa mkono wangu. Basi kwenye ile nafasi yake nikakuta kaburi jipya, saruji bado mbichi, na msalaba wenye jina la mtu mwingine kabisa.

Nikauliza, "Huyu ni nani?"

Msimamizi akaangalia chini. "Dada, mimi naletewa karatasi na bosi, nachimba."

Tulipomaliza kuzunguka, nafasi kumi na moja zilikuwa zimeuzwa mara mbili. Nilikaa palepale kwenye udongo nikalia kama niliyefiwa.

Siku ya mkutano shemeji alisimama na suti yake akatangaza mwaka wa mafanikio makubwa. Makofi yakapigwa. Akaniita nije nisaini mbele yao. Nilisimama nikasema sisaini. Nikasema, "Faida mnayoipigia makofi ni amana za wazee walio hai, na kumi na mmoja kati yao makaburi yao tayari yana watu." Kisha mmoja wao akauliza, "Kwa hiyo gawio lipo au halipo?" Hilo tu ndilo lililomuuma. Shemeji akaniambia nitoke na nisikanyage tena ofisini kwake.

Nyumbani mume wangu alinisubiri sebuleni. "Umemvua nguo kaka yangu mbele za watu."

Nikamuuliza, "Na Mama Yustina amefanywa nini?" Akasema, "Najua unasema kweli, lakini yule ni kaka yangu."

Jumapili wakaitisha kikao cha familia. Mama mkwe, ambaye nampenda kama mama yangu mzazi, aliniambia kwa upole, "Mwanangu, piga magoti, omba msamaha, saini yaishe. Shemeji yako ndiye aliyekutolea mahari." Nikamjibu, "Mama, nitakuheshimu mpaka mwisho wa maisha yangu, lakini kwa hili magoti sipigi. Aliyetoa mahari hakununua mkono wangu wa kusaini." Wifi zangu wakatoka nje wakisonya. Wasonye.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Mama Yustina nimwambie mwenyewe, asije akaisikia kwa majirani. Nilimwamkia, nikamweleza yote, na la mbao pia. Nilidhani atalia au atanifukuza. Aliinuka taratibu, akaleta bahasha yenye risiti zote, akazipanga mezani. Akasema, "Nilimuahidi mume wangu kwamba nitalala pembeni yake. Kufa siogopi, mwanangu. Kumdanganya ndiko ninakoogopa." Akaniuliza kama nitasema mbele ya watu yale niliyomwambia pale kwenye kiti chake. Nikasema ndiyo.

Tangu siku hiyo amewatafuta wenzake wenye risiti kama zake. Jumatatu wanakwenda polisi, na wanataka niwe nao kwa sababu mwandiko ni wangu na daftari nalijua. Mume wangu ameniambia nikienda, nisirudi kwake.

Sasa ndugu zangu, kuhusu kwenda msihangaike kunishauri. Nakwenda. Wakiuliza habari za mbao nitazisema pia, na kama kuna adhabu yangu nitaibeba. Ninachotaka kwenu ni hiki: mwanaume niliyeishi naye miaka kumi, anayejua kabisa kwamba nasema kweli na bado anataka kunifungia mlango, nimsubiri abadilike, au nifungashe mimi na wanangu kabla Jumatatu haijafika?